Antena Fupi ya Bumula

Jumatatu, 10 Machi. Kibomet, Kitale

Nimefungua duka saa mbili. Wateja wanne mlangoni, wote wanataka kuchapisha fomu, na faiba imekufa. Mara ya tatu mwezi huu. Nikapiga simu, nikasikiliza muziki wao hadi nikauchukia, kisha sauti tamu ikaniambia nizime rauta na kuiwasha tena. Miaka yote hii niko kwenye kazi ya mitandao, na bado naambiwa nizime na kuwasha.

Mchana, ujumbe kwenye grupu ya familia. Kaka yangu mkubwa Simiyu, kutoka Nairobi. Ati Mzee, baba yetu, anahitaji intaneti ya nyumbani kule Bumula, ya kudumu, si hii ya kuungaunga. Ati Wekesa ndiye mtu wa kompyuta, alinganishe bei, alete ripoti. Wote wakaweka vidole gumba. Hakuna aliyeweka kingine.

Ripoti. Kana kwamba mimi ni karani wake.

Alhamisi, 13 Machi. Bumula

Nimefunga duka, nimekuja kujionea.

Mzee alipata kiharusi Januari. Hospitali ya misheni pale Lugulu walimsimamisha kwa miguu yake, sina neno baya juu yao, na bado anaenda huko kila wiki kwa mazoezi ya mkono. Lakini maneno yamepotea. Anaelewa kila kitu, hawezi kusema. Mtaalamu wa matamshi tuliyempata yuko Eldoret, Madam Chebet. Anamfundisha kwa video kila Jumanne na Alhamisi, saa nne asubuhi. Kumpeleka Eldoret haiwezekani. Akikaa garini muda mrefu mguu unavimba na anarudi akiwa mgonjwa kuliko alivyoenda.

Leo nilikaa nyuma yake. Madam Chebet anasema "ma", Mzee anaukazia macho ule mdomo na kuufuata. Kisha mtandao wa simu ya Mama ukakatika. Picha ikaganda, mdomo wa Madam ukiwa wazi. Na Mzee naye akabaki hivyo hivyo, mdomo wazi, akisubiri. Mate yakamtoka. Mama akayafuta kwa leso.

Huyu alikuwa chifu msaidizi. Akisimama kwenye baraza hakuhitaji kipaza sauti.

Niliona kinyaa. Si kwa sababu ya mate. Kwa sababu yetu, watoto wanne wenye simu nzuri mfukoni.

Madam alinipigia baadaye. Miezi hii ya kwanza ndiyo yenye faida kubwa, alisema, na somo likikatika hivyo si nusu somo, ni bure kabisa. Alisema kwa upole. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 16 Machi. Kibomet

Baada ya kanisa nimeketi na karatasi. Nimepima kila kitu kwa magunia ya mahindi, kwa kuwa Mama ataniuliza hivyo.

Rauta ya laini ya simu ni rahisi kuanza, halafu inakula karibu gunia moja kila mwezi. Lakini inavuta kutoka busta ileile, mnara wa simu, inayotuangusha sasa. Ni kulipia ugonjwa uleule, safari hii ndani ya kisanduku cheupe chenye taa. Faiba ndiyo bora, na kwa mwezi ndiyo nafuu kuliko zote, ila haijafika. Imeishia barabara kuu. Imeishia hapo tangu mwaka juzi. Dishi la setilaiti linafanya kazi popote penye anga, na anga Bumula ipo tele, ila ni magunia kumi kwa mkupuo kabla hata hujaona picha moja. Nimemwandikia Simiyu kuhusu dishi. Amejibu kwamba bei zinashuka, haraka ya nini. Haraka ya nini! Mtu yuko kwenye nyumba ya ghorofa yenye faiba hadi chooni.

Halafu kuna Mukhwana. Ana duka la simu sokoni Bumula, amefunga mitambo yake juu ya busta kilimani, anawauzia watu intaneti kwa antena. Nusu gunia kwa mwezi. Antena yenyewe bei ya mbuzi. Lazima tu ione busta.

Ipi itakuwa hai miaka mitatu ijayo? Sijui. Nina kasha chini ya meza la wale waliokufa. Modemu iliyopiga mluzi kwenye waya wa simu, hadi waya wenyewe ukaibwa mtaa mzima. Kile kidude cha kuchomeka kando ya kompyuta. Antena ya kampuni iliyofunga ofisi hapa Kitale bila hata kuaga. Kila kimoja niliuziwa na mtu aliyevaa tai, akiniapia kwamba hiki ndicho cha mwisho nitakachonunua maishani. Leo nimelifungua kasha, nikalifunga. Linanuka plastiki na uongo.

Jumatano, 19 Machi. Bungoma

Ofisi ya watu wa faiba. Viti vizuri. Jamaa ananiambia laini itaingia kijijini kwetu mara moja, mradi nilete orodha ya familia ishirini zenye nia, na sahihi zao. Ati wiki ijayo wangeanza kuchimba.

Nikamwambia orodha waliichukua mwaka jana. Nilikuwepo. Watu walitia sahihi haraka wakidhani ni mbolea ya ruzuku, na hadi leo kuna mama mmoja huniuliza mbolea itakuja lini. Jamaa akacheka.

Nikamuuliza tena: mtapitisha waya wapi? Kando ya miwa, akasema, kwenye nguzo. Kando ya miwa. Kijiji cha pili walipitisha hivyo hivyo. Msimu wa kuvuna ukafika, watu wakachoma majani ya miwa kabla ya kukata, kama wafanyavyo siku zote, na waya ukayeyuka ukaning'inia kama utumbo. Hakuna aliyerudi kuurekebisha. Jamaa akasema hilo ni la zamani. Miezi minane ni zamani.

Nimetoka bila kumuaga. Nisingeweza kumpa mkono.

Jumamosi, 22 Machi. Bumula

Kikao cha familia sebuleni. Simiyu kwenye simu, spika imewashwa, anakohoa kama mwenyekiti. Nikasoma ripoti yangu. Nilipofika kwenye dishi, nikasikia vidole vyake vikibofya kitu kingine. Nilipofika kwa Mukhwana, ikasema safi sana, tuanze na hiyo.

Kisha Anko Barasa, mdogo wake Mzee, akainua fimbo. Anko huyu tangu Januari ndiye mdomo wa Mzee. Mzee akivuta pumzi kutaka kusema, Anko ameshamaliza sentensi. Safari hii alikuwa na lake.

"Hiyo chuma mkiiweka juu ya nyumba ya ndugu yangu, ladi itatumaliza, bana. Si mliona ng'ombe yangu?"

Tuliiona. Ilipigwa chini ya mti, na radi za huku si za mchezo. Kila mtu akaitikia kwa kichwa. Nikaeleza kwamba nyumba ya bati haibadiliki sana ukiongeza fimbo ndogo ya chuma. Nilikuwa nazungumza na ukuta. Basi wakaamua: antena ifungwe kwenye nguzo ya ua, mbali na nyumba, kimo cha bega.

Mimi najua antena inataka kimo. Kila mtu wa kazi hii anajua. Lakini nilitoka nje nikatazama. Shamba tupu, limelimwa, jekundu hadi mtoni, na ng'ambo kilima cha soko na busta inaonekana wazi kabisa. Nikasema sawa. Nilikuwa nimechoka nao. Nilitaka kurudi Kitale kabla ya mvua.

Alhamisi, 27 Machi. Bumula

Mukhwana amefunga antena. Yeye pia aliuliza kwa nini chini hivi, nikamwambia maneno ya wazee, tukacheka. Mama na wanawake watatu walikuwa wanapanda huku tukivuta waya. Ilibidi tuwapishe na mbegu zao.

Saa nne somo. Picha safi, haikutikisika hata mara moja. Mzee alifuata "ma", "mi", "mu" kwa nusu saa nzima. Mwishoni alinigeukia, akainua kidole gumba cha mkono mzima.

Nimetuma picha kwenye grupu. Simiyu: "Nilisema hiyo ndiyo bora." Shetani huyu.

Alhamisi, 24 Aprili. Kibomet

Mama amepiga simu. Mzee amesema "maji". Si vizuri, lakini hata jirani alielewa. Nililia kidogo nyuma ya mashine ya fotokopi, kisha nikamgombeza mteja bure.

Jumanne, 20 Mei. Bumula

Sasa ana maneno kama kumi. Chai. Mlango. Hapana, hiyo anaipenda. Madam Chebet amesema yanayofuata ni majina ya watu. Majina ni magumu kuliko vitu, na yanaweza kuja yamechanganyika, tusishtuke.

Anko Barasa alikuwepo. Mzee akaanza "m... m...", Anko akamalizia: "Mkate!" Mzee akafumba macho. Hakujaribu tena leo.

Nilimchukia Anko kwa saa nzima. Halafu njiani nikakumbuka kwamba hata mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema mkate.

Alhamisi, 12 Juni. Kibomet

Wiki mbili picha imekuwa ikikwamakwama. Mama hakuniambia, hakutaka kunisumbua. Leo imekufa kabisa.

Nimempigia Mukhwana. Anasema upande wake kila kitu kiko sawa, wateja wengine hawalalamiki. Ndivyo wote husema. Nimemwambia nimeuziwa uongo na watu wakubwa kuliko yeye. Nimemwambia ni mwizi wa nusu gunia. Nimesema na mengine ambayo sitayaandika. Akasema Jumamosi ya wiki ijayo ndiyo ana nafasi, kuna mitambo inamsubiri Chwele.

Kasha langu chini ya meza linangoja antena yake. Nimeshaitengea nafasi.

Jumanne, 17 Juni. Bumula

Tumerudi kwenye bando za simu. Mama alisimama juu ya kigoda mlangoni akiishika simu juu, ndipo mtandao unapopatikana, na Mzee akatazama kutoka chini shingo ikimuuma. Iliganda mara sita. Ya sita Mzee akanyoosha mkono, akaifunika simu kwa kiganja, na hakuuondoa. Mama akashuka.

Madam Chebet aliandika baadaye. Amerudi nyuma, aliandika. Hata "mlango" ameikosa. Akaomba tutafute njia haraka.

Jumamosi, 21 Juni. Bumula

Mukhwana alikuja na mfuko wa vifaa, hakuufungua. Alifika kwenye nguzo, akasimama. Akatazama antena. Akatazama mbele ya antena. Nami nikatazama.

"Boss," akasema, "hii mahindi ilipandwa lini?"

Mahindi. Ukuta wa mahindi, mabichi, marefu kunizidi, hatua mbili mbele ya antena, na mbele yake mengine hadi mtoni. Kilima hakionekani. Busta haionekani. Nilifungisha antena kimo cha bega ikitazama shamba siku ambayo mama yangu alikuwa analipanda. Niliwapisha na mbegu mikononi.

Nimezaliwa kwenye shamba hili. Jina langu Wekesa kwa kuwa nilizaliwa wakati wa mavuno. Ninaishi Trans-Nzoia, ambako hata mtoto wa chekechea anajua kwamba mahindi hupandwa, humea, huwa marefu. Mimi nilikuwa bize kuwadharau watu wa tai.

Mukhwana hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilimwomba radhi, akasema ni kawaida, na wote wawili tulijua si kawaida.

Jumapili, 22 Juni. Bumula

Nilitaka kuipandisha antena juu ya nyumba. Nikaenda kwa Anko Barasa kwa heshima zote. Juzi tu radi imepasua mti karibu na kanisa. Alikataa, na Mama naye anaogopa. Siwezi kumlazimisha mama yangu alale chini ya kitu anachokiogopa.

Dishi? Nimemwandikia Simiyu. Alama mbili za bluu, hajajibu.

Basi nilimweleza Mama kilichobaki: kukata njia katikati ya mahindi, upana wa hatua tatu, kutoka nguzo hadi mtoni. Mahindi yenyewe ni machanga, hayajakomaa. Ni chakula chake cha miezi. Nilieleza nikitazama chini.

"Kata," akasema. "Mahindi itapandwa tena."

Nimekata tangu saa saba hadi saa kumi na moja. Kila bua lilitoa ile harufu tamu ya utomvu, na kila bua lilinitia kinyaa kwa nafsi yangu. Mzee alikuwa kwenye kiti chake barazani akinitazama muda wote. Sikuthubutu kumtazama usoni. Nilipofika mtoni na kugeuka, njia ilikuwa imenyooka hadi nyumbani, na nyuma yangu busta ilionekana.

Intaneti imerudi. Safi kabisa.

Jumanne, 24 Juni. Kibomet

Somo limeenda vizuri, Mama anasema. Lakini sauti yake ilikuwa na kitu.

Majirani wameona mstari ulionyooka katikati ya shamba la mtu aliye hai. Huku kwetu mstari kama huo hukatwa na mpimaji. Hukatwa siku ya kugawa urithi. Anko Barasa alipita njiani asubuhi, akasimama, akaondoka bila kusalimia. Hakumuuliza Mama. Hakuniuliza mimi. Amempigia Simiyu kwamba Wekesa ameanza kujikatia sehemu yake, sehemu ya mtoni, iliyo nzuri.

Simiyu sasa amejibu. Si kuhusu dishi. Anakuja Jumamosi.

Tangu Januari amekuja mara moja. Mdomo wa baba yake ukikwama wazi haji. Udongo ukiguswa anapanda basi la kwanza.

Jumamosi, 28 Juni. Bumula

Alifika na viatu vya ofisi, akaenda moja kwa moja shambani na Anko nyuma yake. Nikamkuta katikati ya njia yangu, ameinua bua moja lililokauka, analishika kama ushahidi kortini.

"Mzee bado ako hai," akasema, "na wewe umeanza kupima?"

Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa nayo tangu Machi, yamepangwa vizuri. Niliyaacha. Nikamshika mkono, nikamvuta hadi kwenye nguzo, nikamwinamisha kama mtoto hadi kichwa kikawa usawa wa antena. Nikamwambia tazama. Akatazama. Njia, mto, kilima, busta. Pindo la suruali yake nzuri likagusa tope.

Anko akauliza, kwa hiyo hii ni ya ile intaneti?

Kilichonichafua roho ni barazani. Mzee alikuwa amesikia kila neno. Uso wake ulikuwa umekaza, mkono mzima umeshika ukingo wa kiti, na mdomo wake unafanya kazi, unatafuta, unatafuta. Alitaka kutuambia kitu. Mtu aliyeamua kesi za mipaka kijiji kizima, na wanawe wanagombania mpaka mbele yake, hana hata neno moja la kutupiga nalo. Sote tukaanza kumsemea. Simiyu akasema Mzee tulia. Anko akasema ndugu yangu anataka tupatane. Mimi nikasema anataka maji.

Mzee akalia. Nimeona baba yangu akilia leo kwa mara ya kwanza.

Jumapili, 29 Juni. Bumula

Simiyu ameondoka baada ya chai. Hakuomba msamaha. Alisimama kwa Mama kidogo, akauliza bei ya dishi ni ngapi sasa. Nikamtajia. Akasema ataona. Nimeshazoea kuona kwake.

Nimebaki. Duka litajijua.

Jumanne, 1 Julai. Bumula

Somo saa nne. Mvua ilinyesha alfajiri na anga imesafika. Picha haikukwama.

Kabla ya kuanza, Madam Chebet alitaka tumsikilize sote, pamoja na Anko. Alisema Mzee akianza neno, mtu yeyote asimsaidie. Hata akichukua dakika tano. Hata ikiuma kutazama. Anko akaweka mkono mdomoni kama mwanafunzi, na sikumcheka.

Leo yalikuwa majina. Mama alikuwa wa kwanza. Mzee alichukua muda mrefu mno, nikajikuta nauma ulimi. Akalisema. Mama akaitika kwa sauti ndogo, akatazama dirishani.

Kisha Madam akaniomba nisimame mbele yake. Nikasimama. Mzee akanitazama juu hadi chini, viatu vyangu vya tope, mikono yangu iliyokatwakatwa na majani ya mahindi. Pumzi ikaingia. Midomo ikajaribu, ikarudi, ikajaribu. Nje jogoo aliwika mara mbili. Hakuna aliyemsaidia.

"Simiyu," akasema. "Keti."

Maneno mawili pamoja. Mara ya kwanza tangu Januari. Mama akafungua mdomo kumrekebisha, nikamgusa bega, akaufunga. Mzee alikuwa ananisubiri, macho yamenikazia.

Niliitika. Nikavuta kigoda, nikaketi.